Winga wa Upande wa Ng'ombe

Baba yangu anaamini mpira wa miguu ulikwisha siku ile yeye alipovua viatu. Ukimwekea mechi ya Ulaya kwenye televisheni ya hoteli yangu hapa Kitengela, atakaa nayo mpaka mwisho, chai ikipoa mkononi, akiguna. Halafu atatangaza kwamba yule namba nne hajui kusimama. Hajui kusimama! Mtu anatazamwa na dunia nzima, na mzee anayekaribia miaka tisini, amevaa sweta mbili, anasema hajui kusimama. Wateja wangu wanampenda sana. Mimi nimemsikiliza tangu nizaliwe, na kuna siku natamani kumfungia stoo pamoja na viazi.

Lakini akianza habari za wachezaji wa zamani wa klabu ya Kajiado, namwachia. Hapo hata mimi naacha kukanda unga nisikilize.

Ilikuwa timu ya miaka ya hamsini kuelekea sitini, timu ya watu waliokutanishwa na reli na mnada wa mifugo. Kulikuwa na Wakamba wa stesheni, Wakikuyu wa biashara ndogo kama baba, Wasomali wa maduka, na Wamaasai wenye mji wao. Uwanja ulikuwa kipande cha ardhi kati ya reli na njia ya kwenda mnadani, hauna nyasi wala ua. Nyumbani kwetu watu hao hatukuwajua kwa majina. Baba alikuwa Beki. Rafiki yake wa kufa na kuzikana, Msomali mwenye duka la nguo pale Kajiado mpaka leo, alikuwa Golikipa. Na wa tatu, ambaye mimi sikuwahi kumtia machoni, alikuwa Winga. Nilikuwa mtu mzima kabisa nilipogundua kwamba Golikipa ana jina lake kama watu wengine, limeandikwa kwenye leseni ya duka, na hata sasa halinikai mdomoni.

Golikipa alikuwa na mikono mirefu na dini. Wakati wa mapumziko aliswali alasiri nyuma ya goli, juu ya koti lake, na marefa wote walijua wamngoje. Siku moja akaja refa mgeni mwenye haraka ya treni, akapuliza filimbi kabla Golikipa hajamaliza. Baba akakimbia kusimama golini. Wakafungwa. Bao hilo wanaligombania mpaka leo. Baba anasema ni la Golikipa, kwa sababu goli ni lake. Golikipa anasema yeye alikuwa mbele ya Mungu, aliyekuwa mbele ya mpira ni Beki. Wakikutana, hata salamu hazijaisha, washafika kwa hilo bao. Nimeshawaambia wote wawili wagawane, kila mtu abebe nusu, wakaniangalia kama mtu aliyetukana.

Sasa Winga. Huyu alikuwa kijana wa Kimaasai ambaye baba yake hakuona maana ya mwanamume mwenye akili kukimbiza ngozi iliyojaa upepo wakati kuna mifugo ya kuchungwa. Wakapatana hivi: kijana acheze, lakini ng'ombe wawe machoni pake. Basi kila Jumamosi alikuja na kundi lote, akaliacha lilishe upande wa magharibi wa uwanja, na yeye akacheza pembeni huko huko. Kipindi cha kwanza alikuwa winga wa kushoto. Timu zikibadilishana magoli, wengine wote walivuka, yeye akabaki kwa ng'ombe wake, na kwa hivyo kipindi cha pili akawa winga wa kulia. Timu za Nairobi zilimwogopa vibaya. Zilirudi zikisema Kajiado kuna fundi asiyejulikana kama ni wa kushoto au wa kulia, na makocha wao wakaketi kutafuta dawa yake. Kumbe mbinu yote ilikuwa ya ng'ombe.

Wenzake walijua. Ndiyo maana mtu akipata mpira katikati alipigiwa kelele moja tu, "Kwa ng'ombe!", maana yake peleka kwa Winga. Nenda leo uwanjani pale utawasikia vijana wa klabu, wamesuka nywele, viatu rangi ya machungwa, wakiitana vile vile, kwa ng'ombe, kwa ng'ombe, na hakuna hata ndama karibu. Nilimuuliza mmoja maana yake ni nini. Akanijibu kwa upole kwamba hiyo ni krosi, mathe, lakini wewe hujui mpira. Wakati wa kuwapakulia chakula nilimpunguzia nyama siku hiyo.

Kabla mechi haijaanza, Winga alikuwa na jambo lake moja. Masikio yake yalikuwa yametobolewa na kuvutwa kwa desturi yao, ndewe zikining'inia karibu zifike mabegani. Akikimbia zingemsumbua. Kwa hivyo, refa akishaweka mpira katikati, alishika ndewe moja akaipandisha na kuipachika juu ya sikio, halafu ya pili, taratibu, bila haraka. Wenzake wanafunga kamba za viatu, yeye yuko pekupeku anafunga masikio. Watu waliosimama pembeni wakiona hivyo walinyamaza, maana walijua kazi imeanza. Baba akifika hapo kwenye hadithi hushika masikio yake mwenyewe, na yeye masikio yake ni madogo, hayana cha kufunga.

Mwaka jana viongozi wa klabu waliamua kuwachora hawa watatu kwenye ukuta mpya wa uwanja, uliojengwa kwa mawe ya machimbo ya huku kwetu. Kufuatilia kazi nikapewa mimi. Walisema ni kwa sababu mimi ni mtoto wa Beki. Ukweli ni kwamba mimi ndiye napikia timu siku za mechi, na wote wanajua kitu kikifanywa ovyo mbele yangu patachimbika. Nilinung'unika inavyostahili, nikawaambia niko na hoteli ya kuendesha, nikakubali. Moyoni nilikuwa nimefurahi kupita kiasi.

Baba na Golikipa walikuwa na picha zao za ujana, wamechana nywele njia. Shida ilikuwa Winga. Alifariki miaka ya sabini, ugonjwa wa kifua, akiwa bado na nguvu za kukimbia, na kipande chake, kile kitambulisho cha enzi za mkoloni, kilikuwa na alama za vidole peke yake. Picha iliyobaki ni moja, ile ya timu, ambayo baba ameitundika sebuleni juu ya redio. Wamesimama kwa mstari, mikono kifuani, wamekunja nyuso kama watu walio matangani. Mwisho wa mstari kuna mgongo. Mpiga picha alikuja na treni, kamera yake ilikuwa imebakiza picha moja, na wakati ule ule anabonyeza, Winga akasikia kengele za ng'ombe upande wa reli. Akageuka. Treni ikapiga honi, mpiga picha akakimbilia treni yake, na historia ya klabu ikabaki hivyo, nyuso kumi na mgongo.

Mjane wake anaishi Kisaju na mjukuu wao, na maziwa ya hoteli yangu hutoka kwenye boma lile. Nilikwenda mwenyewe kuomba ruhusa. Nilimwinamishia kichwa, akaweka kiganja chake juu, akanisalimu kwa Kimaasai, takwenya, nikaitika iko. Namwita Koko, yaani bibi, kama wajukuu wake wanavyomwita. Aliniuliza, kama kila mara, nitaolewa tena lini, maana mume wangu alikwenda zake zamani na hakuacha hata anwani. Nikamwambia niko na chapati za kupika. Akamfukuza mbuzi aliyekuwa ameweka kichwa kwenye ndoo, akamimina chai, tukaanza maneno.

Kwao jina la aliyefariki halitajwi, basi tulizungumza habari za "yule" mchana kutwa na hatukupotezana hata mara moja. Nilikuwa nimejitayarisha kwa upinzani. Nilidhani atasema mtu akishakwenda aachwe apumzike, na nilikuwa na majibu yangu tayari mfukoni. Hakupinga. Aliniuliza swali moja tu, kama tutamchora na uso. Nikasema ndiyo, Koko, uso na kila kitu. Akazungusha kikombe chake kidogo.

"Uso wake umenitoka," akasema. "Sauti niko nayo. Blanketi yake niko nayo. Hata vile alikuwa anakohoa asubuhi. Lakini nikitafuta uso napata wa watoto wangu. Nyinyi mkimchora nitamwona tena, na safari hii sitampoteza."

Alisema akicheka, kama mtu aliyepoteza sindano ndani ya nyumba. Jicho lake moja lina mtoto wa jicho, la pili bado liko sawa, akaniahidi kwamba Jumamosi ya kuzindua ukuta atakuja na lile zuri. Mimi sikucheka. Njiani kurudi Kitengela nililia, nikajikemea, nikapita sokoni kuchukua nyanya, na nyanya zenyewe nilizochukua zilikuwa mbovu kwa sababu sikuwa naangalia.

Mchoraji tuliyempata ni bwana mmoja wa makamo, mpole, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Kazi yake hasa ni vibao vya kinyozi na ng'ombe wa buchari. Ng'ombe wake ni wazuri mno, unaweza kuwakama. Wanaume wake wote ni yule yule wa kwenye kibao cha kinyozi, nywele zimekatwa kwa mstari juu ya paji la uso na jicho moja limelegea kidogo. Alipomaliza kumchora baba, baba alitazama ukuta, akatazama picha, akasema huyu ni mtu mzuri lakini hajui kusimama. Kwa Golikipa alifanya vizuri zaidi, kwa vile ile mikono ilisaidia.

Halafu ikafika zamu ya Winga. Niliwapeleka wazee wote wawili pale ukutani, nikawawekea viti, nikawaletea chai na mandazi, nikamwambia mchoraji asikilize wazee watamweleza uso. Wao walimjua kijana huyu, walicheza naye, walikula naye. Nilidhani itachukua muda wa kikombe kimoja.

Weee. Baba akasema uso ulikuwa mrefu, pua nyembamba, mashavu yameingia ndani. Golikipa akasema hapana, uso ulikuwa mpana, na alikuwa na kimwanya kwenye meno. Baba akauliza kimwanya kimetoka wapi. Golikipa akasema kimetoka kwa Mungu. Baba akasema Golikipa hakuona vizuri hata enzi zile, ndiyo maana lile bao liliingia. Hapo tukapoteza robo ya asubuhi. Mchoraji wa watu alikuwa anachora kwa chaki anafuta, anachora anafuta, mpaka mkono wa shati ukawa mweupe. Mara uso ukawa mrefu, mara ukanenepa. Mwishowe mtu akatokea pale ukutani ambaye wote wawili walimkubali nusu nusu, na mimi nikamtambua. Pua ilikuwa ya amu yangu, ndugu ya baba aliyefia Nyahururu. Meno yalikuwa ya Golikipa mwenyewe kwenye picha yake ya harusi. Na nywele, bila shaka, zilikuwa za kinyozi.

Mjukuu wa Koko alipita pale na pikipiki kuniletea maziwa ya chai ya wazee, mchoraji akamwona, uso wake ukang'aa. Akasema jamaa si anafanana na babu yake, tumchore huyu tumalize. Wazee wakasema ndiyo, ndiyo, kabisa, huyo ndiye. Walikuwa wamechoka na jua lilikuwa limewafikia miguuni. Yule kijana naye akawa tayari anajipanga nywele kwa kioo cha pikipiki.

Hapo ndipo moyo wangu ulishtuka. Mtu mwingine yeyote akiona uso wa uongo ukutani, hakuna hasara, atasema tu mchoraji hajui. Lakini Koko hana uso mwingine wa kulinganisha. Chochote tutakachoweka pale atakiamini. Atakuja na jicho lake zuri, atamwangalia amu yangu wa Nyahururu mwenye meno ya Golikipa, atasema ahsante, na atakwenda nyumbani naye, na huyo ndiye atakuwa mume wake mpaka siku ya mwisho. Na yule wa kweli, kama bado amejificha mahali fulani kichwani mwake, tutakuwa tumemfungia mlango sisi.

Nilinyakua ile chaki. Nikawaambia waache. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, na watu wawili waliokuwa wakipita na mbuzi wa mnadani wakasimama kutazama. Niliwaambia baba na Golikipa kile alichoniambia Koko, chote, sikubakiza neno, maana kuna siri za kutunza na kuna siri za kusema zikiwa bado na faida. Nikawaambia waniapie, mmoja mmoja, kwamba uso huo wameuona. Sio kusikia, sio kudhani. Wameuona.

Golikipa akaweka kikombe chini. Alivua kofia yake, akairudisha. Baba alitazama uwanja kwa muda mrefu, upande ule wa magharibi ambako sasa kuna choo cha umma na mama wa mahindi ya kuchoma.

"Mimi nilikuwa beki," akasema. "Yeye alikuwa mbele. Miaka yote hiyo niliona mgongo."

Golikipa akasema yeye alikuwa nyuma zaidi ya beki, yeye aliona migongo miwili. Na mechi ikiisha, mtu yule hakukaa kupiga stori. Akifunga bao hakurudi kukumbatiwa, aligeuka kuhesabu mifugo yake. Filimbi ya mwisho ikilia walimwona akiondoka nyuma ya ng'ombe, vumbi likimfunika miguu. Walikula pamoja, ndiyo, lakini nani anachunguza sura ya mwenzake wakati wa kula? Baba aliyasema haya akiwa ameona haya kweli kweli, na mimi hasira zikaniisha palepale, nikamwongezea chai.

Kisha nikasema, basi nielezeni mgongo.

Jamani. Nimeishi na wazee hawa maisha yangu yote na sijawahi kuwaona wakikubaliana hata kama mvua inanyesha. Siku hiyo walikubaliana kila kitu. Bega la kushoto lilikuwa juu kidogo ya la kulia, kwa sababu ya fimbo aliyozoea kubeba. Chini ya bega hilo palikuwa na kovu lililokunjika, la mwiba, lilionekana jezi ikilowa. Shingo ndefu. Visigino vyeupe kwa vumbi. Akisimama kungoja mpira aliweka mguu mmoja juu ya goti la mwingine, katikati ya mechi, na mabeki wa Nairobi wakadhani anawadharau. Na zile ndewe zimepachikwa juu ya masikio, ambazo kwa nyuma zilionekana vizuri kuliko kwa mbele. Baba alianza kusema, Golikipa akamaliza. Golikipa akasahau kitu, baba akamtajia. Ilifika mahali baba akasimama, akavua sweta moja, akamwonyesha mchoraji vile bega lilivyokaa, na Golikipa akamsogeza kidogo kwa fimbo yake, pale, hapo hapo, usitikisike.

Mchoraji alikuwa na wasiwasi. Alisema hajawahi kuchora mgongo wa mtu, hakuna kinyozi anayetaka kibao cha kisogo. Nikamwambia achore vile anavyochora ng'ombe, kwa heshima ile ile. Akafikiri, akavua kofia yake ya sufu kwa mara ya kwanza, akaanza. Sikuwahi kumwona mtu akifanya kazi kwa furaha hivyo. Alipofika kwenye visigino alipiga magoti.

Viongozi wa klabu walipokuja kukagua hawakufurahi. Mmoja wao, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Kitengela na mdomo wa kulingana nalo, aliniuliza huyu shujaa amekasirikia nani. Akasema wageni wataona ni dharau, mtu kuwapa kisogo. Nilimweleza kwa heshima. Hakuelewa. Nikamweleza tena bila heshima, na nikataja ni nani atakayepika wali na kuku siku hiyo ya Jumamosi, na kwamba sufuria zangu zinaweza kubaki Kitengela zikilala. Akaelewa. Aliomba tu pembeni pachorwe ng'ombe pia, ili watu wajue mtu yule anaangalia nini, na hilo lilikuwa wazo zuri, nilimpongeza. Mchoraji akatoa ng'ombe wake wazuri sana, wengine weupe, wengine wa madoa, mpaka mwisho wa ukuta.

Lakini niseme kweli, nilikuwa na hofu. Nilikuwa nimemwahidi Koko uso. Nilimwambia kwa mdomo wangu, uso na kila kitu. Usiku wa kuamkia Jumamosi nilipika huku nikijigombeza, na asubuhi nikasahau chumvi kwenye wali, jambo ambalo wachezaji walinikumbusha mpaka msimu ukaisha.

Koko alikuja na mjukuu wake, amevaa shuka jipya na shanga zote alizo nazo, akisikika kabla ya kuonekana. Watu walikuwa wengi. Kulikuwa na hotuba, ndefu, za watu ambao hawakuwa wamezaliwa wakati huo wakieleza jinsi ilivyokuwa. Baba na Golikipa walikaa mbele na maua ya plastiki kifuani, wakinong'onezana, na nilipopita nikasikia neno bao. Nilimshika Koko mkono nikamwambia polepole, njiani kuelekea ukutani, kwamba hatukupata uso. Nilimweleza kwa nini. Aliendelea kutembea, nami nikaona nimemvunja moyo mwanamke ambaye maziwa yake yamelisha watoto wangu.

Tukafika. Alipita mbele ya baba yangu wa ukutani bila kumjali. Akapita mbele ya Golikipa. Mbele ya ule mgongo akasimama. Alifunika lile jicho bovu kwa kiganja, akatazama kwa lile zuri, kuanzia visigino, taratibu, akipanda. Alipofika begani aliguna. Alipofika masikioni alicheka kidogo, ndani ya koo, cheko la msichana. Akaniambia kwamba ndivyo alivyomwona mara ya kwanza kabisa, yeye anatoka kisimani na yule anakwenda uwanjani, na ndivyo alivyomwona Jumamosi zote baadaye, akiondoka bila kuaga, na yeye akibaki mlangoni na maneno yake mdomoni.

Halafu akamsemesha. Hakupaza sauti. Alisema kwa Kiswahili, nadhani ili sisi wengine tusikie anavyomgombeza.

"Wewe, wageni wamekuja. Hebu geuka."

Watu waliokuwa karibu wakacheka, nami nikacheka nao. Koko hakucheka. Alibaki pale, kiganja kwenye jicho, shanga zimenyamaza. Alikuwa anangoja, kama unavyomngoja mtu uliyemwita na unajua amesikia. Baba na Golikipa walikuwa wamejikokota mpaka pale kwa fimbo zao, wakasimama nyuma yetu. Nilihisi mkono wa Koko ukinishika zaidi, kisha ukalegea. Uso wake ukafunguka wote.

"Amegeuka," akasema.

Sikuweza kujizuia. Nilimuuliza, Koko, yukoje? Ni uso mrefu au mpana? Ana kimwanya? Nyuma yangu nilisikia wale wazee wawili wakisogea ili wasipitwe na jibu.

Aliondoa kiganja kwenye jicho, akanitazama juu mpaka chini na aproni yangu. Akaniambia huyo ni wake, mimi nikatafute wangu.